Sahani ya Pili

Kama kuna kitu kinachouma kuliko kusemwa vibaya na mama mkwe, ni kusifiwa naye kwa jambo ambalo hukulifanya. Yasna Mansilla alikuwa amejifunza hilo ndani ya majuma machache tu. Kwa miaka minne Mama Otilia, mama wa mpenzi wake, hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "yule wa dukani", na kila alipopita mbele ya duka la Mzee Heriberto, baba yake Yasna, aligeuza shingo upande wa kanisa kana kwamba chumvi na sukari haziuzwi pale. Yasna aliyazoea hayo. Lakini Jumamosi hii mama yuleyule alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mikono ameikunjua, anacheka mpaka macho yanapotea, na Yasna alitamani kugeuka akimbie.

"Karibu mwanangu, karibu! Mbona umechelewa? Mgonjwa wako tangu asubuhi, Yasna yuko wapi, Yasna yuko wapi, mpaka masikio yameniuma. Umebeba nini hapo?"

"Supu ya kuku, mama. Nimetoa ngozi yote."

"Umesikia hiyo?" Mama Otilia alimgeukia paka aliyelala kando ya jiko la kuni, kwa kukosa mtu mwingine wa kumwambia. "Ametoa ngozi yote. Na mimi nilikuwa nasema huyu hajui hata kuwasha moto. Mungu anisamehe ulimi wangu."

Machi ilikuwa ukingoni na baridi ya kwanza imeshaingia. Katika kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile, huu ndio wakati matufaha yanapochoka kungoja na kuanza kuanguka yenyewe. Bustani ya Mama Otilia ilikuwa imejaa matufaha chini ya miti, mekundu na ya manjano, nyigu wameyavamia, na harufu yake tamu iliyokaribia kuchacha iliingia hadi jikoni. Miaka mingine yangekuwa yameshaokotwa. Lakini mtu aliyezoea kupanda miti hiyo na kuitikisa alikuwa chumbani, ameketi dirishani na mshono mrefu tumboni, na daktari alikuwa amesema asinyanyue hata ndoo ya maji mpaka majira ya baridi yaingie. Kwa hiyo majirani walikuwa wamepatana kuja kesho, Jumapili, kwa kazi ya ujima, wayaokote, wayaponde kwa fito ndani ya hori la mbao, wayakamue, na mapipa yapate chicha yake, ile pombe ya matufaha, kama kila mwaka.

"Kesho," alisema Mama Otilia akiipokea sufuria, "baba yako naye atakuwepo. Nimemwalika. Nimekwenda dukani kwa miguu yangu mwenyewe."

"Umekwenda dukani kwetu?"

"Si alishtuka! Nusura aangushe kopo la mafuta. Nikamwambia, Heriberto, ugomvi wa ule uzio kati ya mashamba yetu tumeufuga vya kutosha, njoo unywe chicha kwangu. Akakubali. Na kabla watu hawajala, mwanangu, nitasimama nitasema. Nitasema, huyu binti mnayemwona mimi nilimdharau. Lakini Eli wangu alipokuwa anataka kufa mikononi mwetu, ni yeye aliyempa boldo, na boldo ndiyo iliyomshikilia mpaka daktari akampata. Nitasema mbele ya watu wote, na baba yako akiwa hapo hapo, kwamba nawapa baraka zangu."

"Mama, usifanye hivyo. Tafadhali."

"Mwone! Anaona haya."

Juu ya jiko, pembeni ya picha ndogo ya Bikira, lilining'inia fungu la majani makavu ya boldo. Kila nyumba kijijini ilikuwa na fungu kama lile. Ukiumwa tumbo unachemshiwa boldo, ukila ukavimbiwa unachemshiwa boldo, ukikasirika na mumeo pia unachemshiwa boldo. Ila la Mama Otilia sasa lilikuwa limefungwa kwa uzi mwekundu wa sufu, kama kitu kitakatifu. Na mezani kulikuwa na fungu jingine dogo, limekunjwa ndani ya kitambaa safi.

"Hilo la nani?" Yasna aliuliza.

"La Abelino hapo ng'ambo ya kijito. Anaumwa hapa, chini ya mbavu, kama alivyoumwa Eli. Jioni nitampelekea. Nimemwambia mkewe, usihangaike, dawa iliyomwokoa mwanangu ndiyo itakayomwokoa mumeo."

Yasna alishika ukingo wa meza, akatabasamu, kwa kuwa siku hizi uso wake ulikuwa umezoea kutabasamu wenyewe, kisha akasema atakwenda kumwona mgonjwa.

Eliécer Chiguay, ambaye wote walimwita Eli, alikuwa fundi wa vigae vya mbao, mtu wa kushinda juu ya mapaa na misumari mdomoni, mwenye mabega ya kubeba boriti peke yake. Sasa shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye mti. Ndevu hakunyoa. Lakini macho yalikuwa yale yale, meusi, yenye utani ndani yake, na yalipomwona Yasna mlangoni yaliwaka. Yasna aliyapenda macho yale tangu siku ya kwanza yalipomtazama kutoka juu ya paa la shule, na mwenyewe akasahau nyundo mkononi. Leo hakuweza kuyaangalia.

"Funga mlango," Eli alisema kwa sauti ya chini. "Mama akisikia nimekubusu atachemsha boldo."

Yasna alicheka bila kutaka, naye Eli akacheka, mara akakunja uso na kuunyakua mto uliokuwa kando yake, akaukandamiza tumboni. Hivyo ndivyo nesi alivyomfundisha: akikohoa, akicheka, akipiga chafya, ashikilie mto ili mshono usivutike.

"Unaona? Umenichekesha, unataka kuniua."

Lilikuwa neno la utani tu. Lakini Yasna alisimama pale pale katikati ya chumba na machozi yakamjaa.

"We Yasna. Njoo hapa. Njoo ukae. Mikono yako mbona ya baridi hivi? Kuna nini, baba yako amebadilisha mawazo?"

"Hapana. Anakuja kesho."

"Basi?"

"Mama yako anataka kunishukuru mbele ya watu."

"Na hilo ndilo la kulilia? Miaka minne, mpenzi wangu. Miaka minne tunakutana nyuma ya ghala la viazi kama wezi wa kuku. Sasa mama anataka kukukalisha kwenye kiti cha mbele, unalia?"

Yasna alikaa ukingoni mwa kitanda. Nje upepo ulitikisa miti na tufaha moja likaanguka kwa kishindo kidogo, kisha jingine.

"Eli, kuna kitu sijakwambia. Siku ile hospitali, ulipokuwa bado kwenye chumba cha upasuaji, daktari alitoka akaniuliza ulikunywa nini, ulikula nini. Mama yako alikuwa nje kwenye kanisa dogo. Nikamwambia, amekunywa boldo. Nilisema kwa majivuno kabisa, kama mtu aliyefanya jambo la maana. Yule daktari akanitazama. Akaniambia mtu mwenye mawe kwenye nyongo hapewi boldo. Inakikamua kifuko cha nyongo, inalisukuma jiwe likazibe njia. Na mafuta yanafanya hivyo hivyo. Akasema wangekupata siku moja kabla wangekutoboa matundu madogo tu, ungerudi nyumbani kesho yake. Lakini kifuko kilikuwa kimeoza, ndiyo maana wakakupasua namna hii."

Eli aliugeuza mto mapajani, akaulaza upande wa pili.

"Mama yako alipoingia akauliza, daktari amesema nini. Nikasema, ameuliza kama ulikunywa boldo. Kabla sijamaliza alipiga magoti. Asante Bikira, boldo imemshikilia mwanangu! Akanikumbatia. Hajawahi kunigusa hata mkono, Eli, akanikumbatia mbele ya manesi wote. Nami nikanyamaza."

Alingoja. Alitaka afokewe, na pia alitaka aambiwe si kitu, na hakujua ni lipi kati ya hayo mawili analoliogopa zaidi.

"Kwa hiyo boldo," Eli alisema polepole. "Na kile chakula."

"Na kile chakula."

"Sahani ya kwanza au ya pili?"

"Eli..."

"Nauliza tu."

Eli alikuwa ameugeuza uso kuelekea dirishani.

"Nilikuomba, Yasna." Sauti ilikuwa ya chini sana, kwa kuwa hakuweza kuipandisha, mshono haukumruhusu. "Sijawahi kulisema hili, nilidhani nitalimeza lipite. Jumamosi ile jioni nilikuomba. Nikakwambia, hii si kama siku zote, nipeleke mjini. Ukanichemshia boldo. Jumapili asubuhi nikakuomba tena. Ulinijibu nini?"

"Nilisema uvumilie."

"Sema yote."

"Nilisema..." Alijikaza. "Nilisema, vumilia mpaka baba amalize kula."

Ndiyo, alisema hivyo. Maana baba yake, Mzee Heriberto Mansilla, aliyeapa kwamba binti yake hataolewa na mpanda mapaa, alikuwa hatimaye amelegea na kusema, haya, mlete huyo kijana Jumapili ale. Mwana-kondoo alikuwa ameshachinjwa. Mikate ya viazi ilikuwa imeshakandwa kwa mafuta. Yasna aliona kwamba mlango ule ukifungwa siku ile hautafunguliwa tena, na alipomwona mpenzi wake ameinama anatokwa jasho alijiambia ni tumbo tu, woga wa kukutana na mkwe, litapoa. Alimpa kikombe cha boldo, akampa kingine, akamfunga vifungo vya shati kwa mikono yake mwenyewe.

"Nilikaa mezani kwa baba yako," Eli aliendelea, "nikala. Kila tonge lilikuwa moto. Nikaisafisha sahani, nikashukuru, nikasema moyoni, nimemaliza, sasa nitoke. Baba yako akaichukua sahani yangu akaijaza tena. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Wakati ule nilikutazama."

Yasna alijifunika uso.

"Nilikutazama wewe, Yasna. Wewe peke yako pale ulikuwa unajua. Nilitaka neno moja tu. 'Baba, Eli ameshiba.' Basi. Wewe ukatabasamu."

Ni kweli alitabasamu. Na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba lilikuwa tabasamu la furaha, furaha ya moyo mzima, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kumwongezea chakula mgeni asiyempenda. Katika nyumba zao sahani ya kwanza ni adabu tu. Ya pili ndiyo neno la kukukubali, na kuikataa ni kuikataa nyumba. Kwa hiyo alipoona baba yake anachagua ubavu ulionona kuliko zote na kuuweka mbele ya Eli, Yasna aliona harusi, aliona kanisa, aliona watoto. Jasho kwenye paji la uso wa Eli hakuliona. Au aliliona. Usiku mwingi tangu siku ile alikuwa amejiuliza swali hilo, na kila alipojijibu alijijibu vibaya zaidi.

"Niliona," alisema kupitia vidole vyake. "Nilikuona unavyonitazama. Nilijua unataka nini. Nikajifanya sijui."

Jikoni Mama Otilia alikuwa anaimba huku akipanga vyombo vya kesho.

Eli aliukumbatia mto wake. Alipumua kwa uangalifu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ungeniambia hukuona ingekuwa rahisi zaidi," alisema mwishowe.

"Najua."

"Basi mbona umesema?"

"Nimechoka kupendwa kwa uongo."

Eli alimgeukia sasa. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake hamkuwa na utani. Alimtazama muda mrefu, Yasna naye, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, hakuinamisha kichwa.

"Nimekukasirikia," Eli alisema. "Sitakudanganya. Nimelala hapa siku zote hizi nikikukasirikia, halafu ukiingia mlangoni nasahau, halafu ukitoka nakumbuka. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Ningeweza kusimama. Unajua kwa nini sikusimama? Niliitaka ile sahani. Mzee aliponiwekea ule ubavu nilijiona nimeshakuoa. Ningekula na meza yenyewe."

Yasna alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka, akatafuta leso hakuipata. Eli alimpa ncha ya shuka.

"Sasa sikiliza. Mama usimwambie."

"Eli."

"Sikiliza kwanza. Mama si mimi. Mama akikuchukia anakuchukia na vizazi vyako. Kesho asimame, aseme anayotaka kusema, baba yako asikie, tufunge ndoa. Ukitaka kumwambia, mwambie tukishapata watoto wawili. Hapo hawezi kukurudisha."

"Na Abelino?"

"Abelino kafanya nini?"

"Anaumwa chini ya mbavu. Mama yako amemfungia boldo kwenye kitambaa, anampelekea jioni hii. Ameshamwambia mkewe wasihangaike kwenda popote, dawa ipo. Eli, ni kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyeifanya boldo iwe muujiza."

Eli alifungua mdomo, akaufunga. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akashika mkono wa Yasna badala yake.

"Atakufukuza," alisema.

"Najua."

"Na mimi siwezi hata kukufuata. Nikifika kwenye lango nitakuwa nimeanguka."

"Najua, Eli. Niachie mkono."

Hakuuachia mara moja. Aliuleta midomoni, akaubusu kiganjani, mahali pale palipokuwa pamelowa machozi, ndipo akauachia.

Mama Otilia alikuwa amepanda juu ya kigoda anashusha sahani kubwa za udongo kutoka rafu ya juu, zile zinazotoka siku za ujima na siku za msiba tu. "Anataka supu sasa?" aliuliza bila kugeuka. "Shika hizi, mwanangu. Polepole, hizi ni za mama yangu."

Yasna alizipokea akaziweka mezani kando ya kile kitambaa. Kisha akalisema. Hakulipamba wala hakulizungusha. Alijua akianza kulizungusha hatafika. Alisema kwamba maumivu hayakuanza Jumapili mchana kama mama alivyodhani, yalianza Jumamosi. Alisema Eli aliomba kupelekwa mjini akamkatalia kwa ajili ya chakula cha baba yake. Alisema juu ya sahani ya pili. Na mwisho akasema alichosema daktari kuhusu boldo, neno kwa neno.

"Kwa hiyo sikumwokoa, mama. Mimi ndiye niliyemfikisha pale. Kesho usinishukuru. Na hilo fungu, nakuomba, usilipeleke kwa Abelino. Mwambie aende mjini leo."

Mama Otilia bado alikuwa juu ya kigoda. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa kama majivu. Yasna alifumbata mikono mbele akangoja. Alikuwa ameshayapanga kichwani yatakayofuata: kelele, yule wa dukani, toka nyumbani kwangu, mlango. Alikuwa ameshajiambia kwamba atatoka bila kujibu.

"Rudia," mama alisema.

"Nirudie lipi?"

"La boldo."

"Daktari alisema mtu mwenye mawe hapewi. Inalisukuma jiwe."

Mama Otilia alishuka polepole, mguu mmoja, kisha wa pili, akakaa juu ya kigoda kile kile. Aliliangalia fungu lililoning'inia na uzi wake mwekundu.

"Ulimpa vikombe vingapi?"

"Vitatu, mama. Kimoja jioni, viwili asubuhi."

"Vitatu." Alitikisa kichwa. Sauti yake ilikuwa imepotea, imebaki kama ya mtoto. "Mimi nimempa tangu Januari."

Yasna hakuelewa mara moja.

"Tangu Januari, kila alipoumwa baada ya kula. Karibu kila jioni. Anasema, mama, tumbo. Nikasema, kunywa boldo. Mama, leo limezidi. Kunywa viwili. Msaidizi wa zahanati alimwona siku moja barabarani, akaniambia mimi, si yeye, mimi mwenyewe, akasema mpeleke mjini akapigwe picha ya tumbo. Nikasema sawa, lakini tuvune viazi kwanza." Alikunja aproni yake, akaikunjua. "Tuvune viazi kwanza."

"Mama..."

"Nyamaza. Unadhani kwa nini nilipiga magoti pale hospitali? Niliposikia daktari anaulizia boldo, moyo ulinilipuka. Nikajua. Mama anajua. Nikakurukia nikakukumbatia kabla hujamaliza kusema, nisije nikasikia lililobaki. Na tangu siku ile nakuimba kila mahali. Yasna na boldo yake, Yasna na boldo yake. Nilitaka iwe kweli, mwanangu. Ikiwa wewe umemwokoa kwa vikombe vitatu, basi na mimi sikumuua kwa vile vyote."

Alianza kulia kama wanavyolia watu wasiozoea, kwa sauti mbaya, mdomo wazi. Yasna alisimama hajui afanye nini. Kumkumbatia alikuona ni kama kuiba tena. Mwishowe alipiga magoti sakafuni, akamshika vifundo vya miguu, mahali pekee alipothubutu, na wote wawili wakalia mpaka paka akaondoka.

"Mama!" Eli aliita kutoka chumbani. "Yasna! Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu!" Mama Otilia alijibu kwa ukali, akajifuta uso kwa aproni. "Lala!"

Alinyanyuka. Alilivuta lile fungu la ukutani, uzi mwekundu ukakatika, akafungua mlango wa jiko la kuni akalitupa motoni. Akachukua na lile la kwenye kitambaa. Hilo alilishika kidogo, akiligeuza mkononi, kisha nalo likafuata. Moshi wenye harufu kali ya dawa ulijaa jikoni, wakakohoa wote wawili.

"Sitasema kwamba umemwokoa," alisema akiutazama moto.

"Ndiyo, mama."

"Na sitakudanganya, hili la kumnyima mwanangu hospitali kwa ajili ya chakula, litanikaa hapa." Alijigusa kifuani. "Nitakapokutazama nitalikumbuka. Labda mwaka. Labda zaidi. Na wewe ukinitazama utakumbuka viazi vyangu. Basi, tutatazamana hivyo."

"Ndiyo, mama."

"Eli anajua?"

"La kwangu analijua."

"La kwangu nitamwambia mimi. Leo, nikirudi." Alitwaa shali yake ya sufu ukutani, akajitupia mabegani, akatafuta viatu vyake vya mpira nyuma ya mlango. "Nakwenda kwa Abelino. Aende mjini na gari la jioni, hata kama ni kumfunga kamba. Wewe mpe huyo supu yake. Halafu rudi kwenu ukapumzike, una uso kama maiti."

Yasna alijua maana ya kuambiwa rudi kwenu. Aliinama kuchukua kikapu alichobebea supu. Kesho basi watu watakuja, wataponda matufaha, watakula, na baba yake ataketi pale na kushangaa mbona binti yake hayupo. Alistahili. Hakuna aliyemwonea.

Kitu laini kilimgonga begani kikaangukia kikapuni. Ilikuwa aproni, ya kitani, imefuliwa na kupigwa pasi, yenye mshono wa maua ya viazi kwenye mfuko. Siku za ujima aproni ile ilivaliwa na mwanamke anayegawa chakula, na anayegawa chakula katika nyumba ile ni mwenye nyumba au mke wa mwanawe.

"Uje kabla ya jua kutoka," Mama Otilia alisema. Alikuwa ameshafungua mlango, mgongo ameuelekeza jikoni, na hakugeuka. "Kesho sahani utagawa wewe. Na mtu akikwambia ameshiba, hata kama ni baba yako anayemjazia, mwache ashibe."